Mtoto Aliyeiogopa Sahani Yake

Mkiniita kuongea nanyi wanafunzi wa uuguzi, huwa mnataka niwaambie tulivyochemsha mabomba ya sindano kwenye sufuria, na tulivyopima homa kwa mgongo wa mkono kipimajoto cha mwisho kilipovunjika. Hayo nitawaambia siku nyingine tukinywa chai, maana yanachekesha. Leo naanza na jambo ambalo sikuliandika kwenye ripoti yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikaribia kumuua mtoto wa miaka tisa, na sikukosea dawa hata kidogo. Nilikosea maneno.

Naitwa Kagwiria. Mimi ni Mmeru wa Nkubu, nikaolewa Karurumo, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya katika wadi ya watoto ya hospitali moja upande wa Manyatta, huko Embu. Jina lake nitaliacha, kwa sababu makosa ninayosimulia yalikuwa yangu, si ya jengo.

Wadi ya watoto ina watu wa aina mbili. Mtoto wa malaria anakuja, analia, anapona, anakusahau. Halafu kuna wale wasioisha kuja: wa kisukari, wa moyo, wa kifafa, wa figo. Hao wanakujua mpaka mlio wa viatu vyako. Wazazi wao nao wanakujua, na mimi walinipa jina. Waliniita Sista Masharti. Nililisikia likinong'onwa kwenye benchi na nikajivunia. Niliamini kwamba mzazi akiogopa vya kutosha hatasahau dawa. Nilikuwa hata nimechora picha ya mguu uliokatwa, nikaibandika ukutani juu ya mizani, ili kila mama wa mtoto wa kisukari aione. Kuchora sijui. Cucu mmoja, bibi kizee wa Runyenjes, aliitazama muda mrefu, akaniuliza kama muhogo ule ulikuwa wa kuuzwa. Hata hapo sikuiondoa.

Basi siku moja akaletwa msichana, Weveti, kutoka Ishiara. Alipumua kama mtu aliyekimbia njia yote kwa miguu, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nyumbani walidhani ni malaria. Kabla ya hapo walidhani ni uvivu, na shuleni alikuwa ameadhibiwa kwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni mara nyingi. Sukari ilikuwa imepanda hadi ikampotezea fahamu. Alikaa kwenye dripu siku tatu. Mama yake, Ciarunji, mwanamke mwembamba asemaye polepole, alikaa chini kando ya kitanda siku hizo zote, mkono mmoja ukiwa juu ya kifua cha mtoto. Ukimwambia aende akale, aliuhamisha mkono, akaweka ule mwingine.

Siku ya nne Weveti aliketi, akaomba uji. Nikaona ni wakati wa mafunzo.

Nyinyi mna kalamu za insulini mnazobonyeza, na mashine inayotoa namba kwa tone la damu. Sisi tuliwafundisha akina mama kudunga chungwa, kwa sababu ngozi yake inaishika sindano karibu kama ngozi ya mtu. Dawa iliyotoka kwenye baridi tuliwaambia waiviringishe kwanza kati ya viganja. Na kwa kuwa joto la Ishiara halina mchezo, na hakuna aliyekuwa na friji, tuliwaonyesha kuweka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, juu kitambaa kibichi, chupa ya dawa ndani. Sukari tuliipima kwenye mkojo. Matone manane ndani ya dawa ya buluu, unachemsha juu ya jiko, unatazama rangi. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Kijani ni kidogo. Inapanda kwenda manjano, kisha rangi ya chungwa, na ikiwa nyekundu kama tofali, uko taabani. Ciarunji alilishika jambo hili upesi kuliko wauguzi wengi. Mtu aliyepika maisha yake yote anajua kusubiri kitu kichemke bila kukiunguza.

Shida ilikuwa yale niliyoyasema baadaye. Nilisimama upande mmoja wa kitanda, yeye upande wa pili, na mtoto katikati akitusaidia kukunja bandeji. Nikaongea juu ya kichwa chake kana kwamba ni mto wa kulalia.

"Mama Weveti, nisikize vizuri. Huu ugonjwa hauponi. Sukari ni sumu kwake. Soda, peremende, miwa, asali, hata asionje. Umeelewa?"

"Nimeelewa, sista."

"Chakula ndicho kitamuua huyu. Akila ovyo nitamwona hapa tena, na safari hiyo hatarudi Ishiara."

Ciarunji akashika chuma cha kitanda. "Na ugali? Na kunde?"

"Kwa kipimo. Kila kitu kwa kipimo."

Nikawaonyesha picha ya mguu. Kisha nikamtazama mtoto. Hakulia, hakuuliza. Aliendelea kukunja bandeji, kona juu ya kona. "Unaona?" nikamwambia mama yake. "Mtoto mwerevu. Hasumbui."

Wanangu, mkisikia muuguzi akisema mtoto hasumbui, mwendeeni huyo mtoto kwanza.

Siku ya kuondoka, gari lao likipiga honi barabarani, ndipo nilipokumbuka kumwambia Ciarunji kwamba mtoto akitetemeka na kutokwa na jasho ampe kitu kitamu haraka. Nilimwambia nikitembea, nikiwa na beseni mkononi. Sikumwomba arudie nilichosema. Sikumweleza jinsi sumu ya jana ilivyogeuka kuwa dawa leo. Aliitikia kwa kichwa, akakimbilia gari.

Baada ya mwezi walirudi kliniki. Ciarunji alifungua daftari la rangi alilokuwa akiliandika kila asubuhi na jioni, na sikuamini macho yangu. Buluu, buluu, buluu, ukurasa mzima. Nililiinua mbele ya akina mama wengine kwenye benchi. "Tazameni kazi ya mtu anayefuata masharti!"

Halafu nikampima Weveti uzito. Alikuwa amepungua. Niliona. Siwezi kuwadanganya kwamba sikuona. Nikajiambia ni joto, ni kutembea kwenda shule, na nikaandika uzito wenyewe kwa herufi ndogo.

"Sista," Ciarunji akasema kwa sauti ya chini, "siku hizi haongei."

"Ametulia. Anakua."

"Na mimi silali. Naenda kumsikiliza kama anapumua. Nikirudi kitandani naamka tena."

"Utazoea," nikamwambia. "Wote huzoea." Nikaita jina lililofuata.

Hazikupita wiki tatu. Tulikuwa tukigawa dawa kabla ya saa sita mchana, nikasikia gari likifunga breki mlangoni. Ilikuwa pikapu ya kubebea nyama. Baba yake Weveti, Ireri, ambaye ni mchinjaji pale soko la Ishiara, aliingia na mtoto mikononi, aproni yake ikiwa bado na damu ya ng'ombe wa asubuhi. Ciarunji alimfuata bila viatu. Mtoto alikuwa amelowa jasho, taya zimekaza, macho nusu wazi yasiyoangalia kitu. Nikajua kabla ya kumgusa. Safari hii sukari haikupanda. Ilikuwa imeshuka hadi chini kabisa.

Daktari alimsukumia glukosi kwenye mshipa. Kwa kawaida mtoto wa namna hiyo huamka sindano ikiwa bado mkononi mwako, akaanza kuuliza yuko wapi. Sote tulisimama tukingoja. Weveti hakuamka. Daktari akarudia. Mwili ulilegea, pumzi zikawa shwari, jasho likakauka, lakini hakuamka. Daktari akanitazama, nami nikajua anachofikiria: ubongo umekaa bila sukari muda gani?

Sasa nitawaambia sehemu ninayoionea aibu. Hofu ilinijaa, na nilipoona siwezi kuibeba nikaitupa kwa mtu aliyekuwa karibu. Nilimgeukia Ciarunji mbele ya wadi nzima.

"Ulivuta dawa mpaka alama gani? Nionyeshe!"

Akanionyesha kwenye bomba tupu. Alama ilikuwa sahihi.

"Alikula nini asubuhi?"

"Uji. Alisema amekunywa."

"Alisema? Wewe hukumwona?"

"Nilikuwa nakamua mbuzi, sista."

"Unakamua mbuzi na mtoto anakufa?"

Ciarunji aliketi chini sakafuni, palepale aliposimama. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Alipoanza kutetemeka jirani alileta maji ya sukari. Nilimpiga mkono. Kikombe kikaanguka. Wewe ulisema ni sumu."

"Nilikuambia akitetemeka umpe kitu kitamu!"

"Uliniambia lini?"

Nilijua lini. Nilikumbuka honi, nikakumbuka na beseni. Nikajifanya naenda kutazama dripu.

Nje, kwenye tangi la maji, Ireri aliniita. Alikuwa mtu mkubwa, mkimya, na tangu binti yake aanze kuugua hakuwahi kuja kliniki. Mimi nilikuwa nimeshamhesabu kuwa baba asiyejali.

"Sista, msimlaumu mama. Mimi ndiye nimemuua."

"Hajafa, Baba Weveti."

"Atakufa. Nilimpa asali." Alisema kama mtu anayekiri wizi kwa chifu. "Kwenye gari kulikuwa na chupa ya asali, mtu wa Siakago aliniachia. Huyu mtoto alipenda asali tangu akiwa mdogo, na tangu muikataze hajaionja. Tukiwa njiani nikaona macho yanageuka. Nikafikiri amekwisha. Nikasema basi aonje mara ya mwisho. Nikampaka kwenye fizi, ndani ya mdomo, tena na tena, mama yake akiwa mbele na dereva, asione. Nilijua ni sumu. Nilimpa nikijua."

Nilimshika mkono, na huo mkono ulikuwa mzito kama gogo.

"Baba Weveti, hiyo asali ndiyo imemfikisha hapa akiwa hai."

"Usinipoze moyo."

"Sikupozi. Bila hiyo asali mngefika na maiti."

Aliniuliza mara tatu kama ni kweli. Mara ya tatu akakaa kwenye saruji ya tangi, akafunika uso kwa aproni ile ile chafu, akalia. Aliniambia alikuwa hamtazami mtoto siku hizo kwa sababu kila akimtazama alimwona amelazwa kwenye jeneza. Kwa hiyo alikuwa akitoka nyumbani mapema na kurudi watu wakiwa wamelala. Yule niliyedhani hajali alikuwa ameogopa kuliko sisi sote.

Weveti aliamka saa tisa. Nakumbuka mlio wa sahani kule jikoni, na sauti ndogo ikiomba maji. Tulimzunguka wote. Daktari akamwuliza jina lake, akalisema. "Na huyu ni nani?" "Mama." "Na huyu?" Akamnyooshea mkono baba yake. Kisha daktari akaninyooshea kidole mimi. Mtoto alinitazama, akageuza uso ukutani.

Daktari alifurahi, kichwa kiko sawa. Mimi nilirudi ofisini nikaketi. Nilijua alikuwa amenitambua vizuri sana.

Siku mbili zilizofuata hakula. Alikubali sindano, alikubali dripu, alikubali kila kitu isipokuwa sahani. Tulipunguza dawa, tukategemea glukosi ya mshipani, na kila nikipita nilikuwa nikimtazama kama yuko macho. Usingizi wa kawaida wa mtoto ulinitisha. Hapo nikaonja kidogo yale ambayo Ciarunji aliniambia nami nikamjibu atazoea.

Aliyegundua hakuwa daktari wala mimi. Alikuwa Bi Zainabu, mhudumu wa wadi, mama wa Kiislamu wa Embu mjini, aliyegawa chakula na kupiga sakafu deki kwa miaka mingi kabla mimi sijafika. Kiswahili chake kilikuwa safi, na alikuwa na tabia ya kurekebisha chetu sisi wa mlimani hata mbele ya wagonjwa. Aliniita kwenye chumba cha vyombo, akafunga mlango.

"Sista Kagwiria, umemwambia nini mtoto huyu?"

"Mimi? Kitoto hii imekataa kula tu, ni ukaidi."

"Mtoto huyu amekataa kula," akanirekebisha, "na si ukaidi. Nimekuta viazi ndani ya foronya ya mto. Nikakaa naye chini, nikala mbele yake, nikamwuliza kwani chakula changu ni kibaya hivyo. Akaniambia, chakula chako ni kizuri, lakini sista alisema kitaniua."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema?"

Nikageukia rafu, nikaanza kupanga vikombe.

"Kuna jingine. Alimsikia mama yake akimwambia bibi yake kwamba Weveti akifa, na yeye atamfuata. Basi mtoto amepiga hesabu yake. Akila, watakufa wawili. Asipokula, mama atabaki. Kule nyumbani uji wake alikuwa akiwapa mbuzi."

Ndipo zile kurasa za buluu ziliponirudia. Mkojo hauna sukari kwa sababu mtoto hali chochote, na mimi namshangilia mbele ya watu. Buluu haikuambii kama sukari iko sawa au imekaribia kuisha. Rangi ni moja. Kitu ambacho kingeniambia ni uso wa mtoto, na mizani, na mama aliyesema haongei. Vyote vitatu nilikuwa navyo mkononi.

Kwa dakika moja nilimkasirikia Bi Zainabu. Nilifikiri, mpiga deki ananifundisha kazi. Kisha nikaenda wadini, nikakaa kitandani kwa Weveti, jambo ambalo matroni wetu alilikataza kabisa.

"Weveti, mimi nilisema chakula kitakuua?"

Akageukia ukutani, akavuta shuka.

"Nilisema. Nilikosea."

"Sista hakosei," akauambia ukuta.

"Huyu amekosea."

Akageuka kidogo. "Kwa hivyo sumu iko wapi?"

"Hakuna sumu. Mwili wako uliacha kutengeneza dawa yake, sasa tunaupatia kwa sindano. Sindano ikiingia inataka ikute chakula. Siku ile haikukikuta, ndiyo ukaanguka."

Alifikiria. Nikaona macho yanapanuka. "Kwa hivyo nisipokula ndiyo nitakufa?"

Nikagundua kwamba nimemtoa hofu moja nikampa nyingine. Hili litawapata na nyinyi, kwa hiyo mlijue. Ukweli ukiutoa wote kwa mara moja, mtoto anachukua kipande chenye meno. Nikamwambia, "Si lazima tujue yote leo. Leo tule tu, mimi na wewe."

Bi Zainabu akaleta wali na ndengu kwenye sahani moja na vijiko viwili. Mimi nilianza. Weveti aliutazama mdomo wangu, akatazama koo langu nikimeza, akangoja. Kisha akachukua punje chache za wali kwa ncha ya kijiko, akazitia mdomoni, akafumba macho. Tulikula vijiko vitano kwa muda ambao ningehudumia vitanda kumi. Kila baada ya kijiko alimtazama mama yake kuona kama bado anapumua.

Jioni hiyo kabla ya zamu kuisha nilimwendea Ciarunji kwenye veranda nikamwomba msamaha. Nilidhani atalia, atasema si neno, sista. Hakulia.

"Ulinitukana ndani," akasema, "na watu wote wakasikia. Msamaha unaniletea huku nje."

Alikuwa na haki. Nikarudi naye ndani, nikasimama katikati ya wadi, nikawaambia wale akina mama kwamba Mama Weveti hakukosea kitu, kwamba alipima dawa sawa, kwamba mimi ndiye niliyemfundisha vibaya, na kwamba nilimfokea kwa sababu niliogopa. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja akasema tu, "Na sisi tunaogopa, sista. Kila siku." Halafu mwingine akaanza kueleza ya kwake. Waliendelea mpaka chakula cha jioni kikapoa, na mimi sikumwambia mtu anyamaze. Kesho yake nikabandua ile picha ya mguu.

Kabla hawajarudi Ishiara tulikuwa na zoezi moja, na ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Nilitaka Ciarunji ampe mtoto sukari kwa mkono wake. Kijiko kimoja tu, daktari amekubali, sisi sote tuko karibu. Nilitaka mkono wake uijue hiyo njia ili siku ya hatari usisite. Ireri alitangulia, akalamba kijiko chake.

"Baba, unasikia nini?" Weveti akamwuliza kwa wasiwasi.

"Nasikia utamu," akasema, na akamtazama binti yake usoni, kwa muda.

Ikawa zamu ya Ciarunji. Alichota, akainua, sukari ikamwagika kwenye leso. Akachota tena, ikamwagika. "Siwezi," akasema. "Mkono unakataa." Weveti akaushika ule mkono wa mama yake kwa mikono yake miwili, akausogeza mwenyewe hadi mdomoni. Tulimtazama akinyonya ile sukari. Chumba kizima kilikuwa kimeshika pumzi, na mimi niliyekuwa najua kwamba haitamdhuru nilikuwa nimeishika pia.

Waliondoka na mfuko mdogo wa glukosi ulioshonwa ndani ya yunifomu ya shule, na barua kwa mwalimu wake. Nami nikabaki na hofu yangu. Simu hazikuwapo. Daftari lililetwa na dereva wa pikapu kila siku ya soko, na sikulifungua mbele ya watu. Rangi sasa zilichanganyika, buluu, kijani, chungwa, kijani. Ndiyo mara yangu ya kwanza kufurahia kijani. Nilikuwa nimeongeza safu moja pembeni kwa ajili ya Weveti mwenyewe, aandike siku ilikuwaje. Mwanzoni aliandika "sawa, sawa, sawa," nikajua ananiandikia mimi. Kisha siku moja nikakuta: "Nimeogopa kidogo kwa sababu ya mtihani." Chini yake: "Nimempiga ndugu yangu." Wiki nyingine: "Mama amelala mchana chini ya ghala. Nimefukuza kuku wasimwamshe." Nililisoma hilo mara nyingi.

Baada ya hapo nilibadilisha kazi yangu pole pole, na mara nyingine nilirudi kule kwa zamani, hasa siku wadi ikijaa. Nilijifunza kuinama au kukaa ili nilingane na mtoto. Nilijifunza kumwomba mama anifundishe mimi yale niliyomfundisha, maana ndipo unaposikia kilichoingia. Kila mzazi nilimwuliza analalaje, na nikangoja jibu. Siku hizi mna washauri na vikundi, nami nafurahi. Lakini mshauri huja Jumatano, na hofu haina siku.

Weveti alikua. Haikuwa njia laini. Alianguka mara mbili tena, na mwaka ule wa mvua kubwa, barabara ilipokatika, dawa ilibaki ya siku tatu nami nilikuwa sili kwa hofu. Lakini hata hapo alivuka salama. Alipokuwa na miaka kumi na mitano alikuja kliniki akiwa na yunifomu ya shule ya upili, na siku hiyo tulikuwa na mtoto mpya wa kisukari, Muthoni, msichana wa miaka saba kutoka Karurumo. Mama yake alikuwa akilia tangu asubuhi, uso ndani ya leso, na mimi nilikuwa nimeongea naye mpaka maneno yakaniishia. Nikamwomba Weveti akae nao kidogo. Nilitarajia awaonyeshe kudunga sindano.

Hakuonyesha chochote. Alipanda kitandani, akakunja miguu, akamwuliza mdogo huyo, "Wewe unaogopa nini?"

Muthoni akatazama sindano, akatikisa kichwa. Akatazama dripu, akatikisa kichwa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Naogopa mama akilia hatanisikia nikimwita."

Miaka yote hiyo wadini, na sikuwahi kulisikia hilo, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Mama yake aliishusha leso. Macho yalikuwa yamevimba.

"Nakusikia," akasema.

"Mama," mtoto akaita, kujaribu.

"Ee."

Akangoja kidogo, akaita tena, kwa sauti ya chini zaidi.

"Ee, niko."

Waliendelea hivyo, mmoja akiita na mwingine akiitika, na Weveti akashuka kitandani polepole, tukawavutia pazia, mimi na yeye.